Chini ya Mtambaa Panya

Saruji haisubiri mtu. Ukishaimwaga na kuisawazisha una saa mbili, tatu, na kwa baridi ya Ufipa mwezi wa saba labda nne. Baada ya hapo ulichoandika kimeandikwa, na usichoandika basi tena. Ndiyo maana Adriano, fundi wetu, alikuwa amechuchumaa kando ya kaburi la baba yangu na msumari wa inchi sita mkononi, ananitazama.

"Haya, Goli," akasema. "Nimalizie vipi?"

Mimi siitwi Goli. Naitwa Eustaki. Lakini tangu nirudi kijijini, miezi mitano sasa, wanaoniita Eustaki ni mama na padri tu. Dukani Goli, kanisani Goli, kwenye mashine ya kusaga Goli. Mtu akiniita hivyo natabasamu, halafu nikifika nyumbani natamani kupiga teke kitu chochote kilicho karibu. Hata hilo siwezi, nyonga ya kulia imekwisha.

"Si umeshaandika jina na tarehe? Inatosha," nikasema.

"Mama yako anataka na maneno mengine."

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, amejifunika koti langu zito la Marekani mpaka kidevuni. Upepo ulikuwa unatoka milima ya Mbizi na kupita juu ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa, hauna wa kuuzuia. Akasema bila kunitazama, "Aandike hivi: Baba wa Eustaki aliyefunga goli Marekani."

Masikio yaliniwaka moto. Mimi ni mtu wa hasira, sifichi, na hasira yangu huanzia masikioni.

"Haiandikwi hiyo," nikasema.

Adriano akacheka. "Unaona aibu ya nini? Siku ile ngoma nilipiga mimi kwa mikono hii hii. Kijiji kizima kilikunywa."

Najua walikunywa. Niliwasikia.

Ngoja nieleze kazi yenyewe, maana hapa kijijini nimejaribu kuieleza mara nyingi, na kila mara macho ya msikilizaji huanza kutafuta ng'ombe wake. Nilikuwa beki wa seminari, beki wa kawaida tu, ila goli kiki zangu zilivuka nusu ya uwanja na kwenda kumdundia kipa wa upande wa pili. Padri mmoja mgeni akanitafutia chuo kidogo Marekani, nikacheze mpira na kusomea kilimo. Huko kocha wa mpira wao, ule wa kukumbatia kwa mikono na kugongana kama madume ya ng'ombe, akaniona nikipiga. Akaleta mpira uliochongoka huku na huku kama papai changa, mtu akaushikilia chini kwa kidole, nikaambiwa piga. Nikapiga. Kilimo kikaishia hapo.

Goli lao linasimama kwa mguu mmoja. Juu ya mguu kuna mtambaa panya, na juu ya mtambaa panya kuna milingoti miwili inayokwenda mbinguni. Mpira unatakiwa upite kati ya milingoti, juu ya mtambaa panya. Ukipita chini, umekosa.

Nikapanda mpaka kwenye timu za kulipwa, misimu mitano, timu mbili. Nikisema nilicheza natia chumvi. Mechi inakula zaidi ya saa tatu, mimi naingia mara nne au tano, kila mara kwa sekunde chache, halafu narudi pembeni kuvaa koti. Wenzangu walifanya mazoezi pamoja, waliimbiana, walitukanana. Mimi nilikuwa mwisho wa uwanja napiga mipira kwenye wavu, naiokota mwenyewe. Na mechi ikifika pale wanaponihitaji, hakuna anayenisemesha. Ni mwiko, wanaogopa kunivuruga. Wanaume hamsini wanakupa mgongo, eti kwa heshima. Ukipata, wanakupiga kofi la kichwani na kuondoka. Ukikosa, hawakugusi.

Baba yangu, Rafaeli, alikuwa mkulima wa ulezi na maharage, na alikuwa shabiki wa mpira kuliko padri alivyo shabiki wa rozari. Christopha, mwenye kibanda cha video hapa kijijini, akienda Sumbawanga mjini alitafutiwa vipande vya mechi zangu, akavirudisha kwenye flashi na kuvionyesha kwa jenereta. Baba alikaa mbele kabisa. Msimu wangu wa kwanza nilipiga mpira wa yadi hamsini na nne, mrefu kuliko yote niliyowahi kupata. Wiki iliyofuata nikampigia simu baba, kifua mbele, nikisubiri sifa.

"Pole, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini. "Nimeona. Umepaisha."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kwa baba, mpira uliopita juu ya mtambaa panya umepaishwa, na aliyepaisha anapewa pole, anaambiwa siku nyingine atapata. Ningemweleza. Yalikuwa maneno ya dakika mbili. Badala yake kesho yake nikaenda kuwasimulia wenzangu kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na kwa mara ya kwanza tangu nijiunge nao chumba kizima kilinyamaza kunisikiliza, kisha kikacheka. Mmoja akanishika bega. Nilikuwa na njaa ya kushikwa bega, naikiri. Basi baba akaendelea kunipa pole kila nilipopata, na mimi nikaendelea kumsimulia.

Mwisho wangu ulikuja kwenye mji wenye ziwa na upepo kama huu wa kwetu. Tulikuwa nyuma kwa pointi moja, muda umekwisha, yadi arobaini na saba. Hatua tatu nyuma, mbili kando, kama siku zote. Niliugusa mpira nikajua. Mguu unajua kabla ya macho. Ulipanda kidogo, ukachoka, ukashuka, ukapita chini ya mtambaa panya. Wapinzani wakaruka ruka, mmoja wao akapita akanipiga kofi la kichwani kwa dhihaka. Nilitembea peke yangu mpaka chumbani na hakuna aliyenifungulia mlango. Jumanne nikaitwa ofisini, nikarudisha vitabu vya timu, nikatoka na begi.

Jumapili iliyofuata nilikaa kwenye chumba changu, pazia nimefunga, na saa ya mechi ilikuwa inakaribia bila mimi. Simu ikalia. BABA. Nikapokea, na kabla ya sauti yake nikasikia ngoma, nikasikia vigelegele, nikasikia watu wengi wamelewa kwa furaha.

"Umefunga!" baba akapiga kelele. "Umefunga, mwanangu! Tumeona wote! Chini ya mtambaa panya kabisa! Tumeona wenzako wanavyokurukia! Nimechinja mbuzi!"

Miaka mitano alikuwa ananipa pole. Sasa alikuwa amenichinjia mbuzi.

"Baba," nikasema, "usinipigie tena. Hujui kitu. Nimesema usinipigie tena."

Nikakata.

Hakupiga tena.

Sasa, wapigaji wa mpira waliofukuzwa wana maisha yao, na hayo sikuwahi kumwambia mtu. Unakaa na simu. Timu yoyote mpigaji wao akikosa Jumapili, Jumanne wanaita watu watatu au wanne kuwajaribu. Basi Jumanne hutoki. Huogi bila simu kuwa juu ya sinki. Humpigii mtu, usije ukapigiwa laini ikawa inatumika. Nilifanya hivyo miaka miwili, Jumanne moja baada ya nyingine. Habari za nyumbani nilizipata kwa dada yangu Kalista aliyekaa mjini, kwa ujumbe mfupi, na mama nilimsikia kwenye simu ya Kalista siku za sikukuu. Baba sikumpigia. Mwanzoni kwa hasira, baadaye kwa aibu, na aibu ndiyo iliyodumu.

Jumatatu moja Kalista akaandika: Baba amefariki asubuhi. Jioni ile ile, baada ya miaka miwili, simu ikalia: kesho njoo tukujaribu. Nikawajibu wao kwanza. Nilienda, nikapiga mipira kumi na mbili, nikapata kumi, wakamchukua mwingine. Baba akazikwa bila mimi, na watu hapa kijijini hawakunisema vibaya hata kidogo. Walisema: Goli yuko kwenye mechi.

Nilibaki kule miaka mingine, ghalani, napanga maboksi ya viatu vya michezo, mpaka nyonga ikakataa. Ndipo nikarudi, nikakuta kaburi la baba bado ni la udongo.

Kwa hiyo Adriano alipokaa pale na msumari wake, tatizo langu lilikuwa moja tu. Nikinyamaza, aibu yangu inaingia kwenye saruji juu ya kifua cha baba, na kila atakayepita kuelekea Mwimbi ataisoma. Nikisema ukweli, ninawaambia watu wa kijiji kizima kwamba walicheza ngoma kwa msiba, na baba yangu ndiye aliyewaalika.

"Adriano," mama akasema ghafla, "nenda nyumbani kanywe togwa. Iko kwenye kibuyu nyuma ya mlango."

"Saruji, mama…"

"Nimeona saruji. Nenda."

Adriano akauchomeka msumari kwenye udongo, akaondoka. Mama akangoja mpaka alipopita mikaratusi.

"Haya. Sema."

Nikasema. Nilitazama kaburi, si yeye. Nikamwambia halikuwa goli. Nikamwambia mpira wa kule unatakiwa upite juu, kwamba mipira niliyokuwa nikipewa pole ndiyo niliyopata, na ule mmoja mliouchezea ngoma ndio niliokosa na ndio ulionifukuzisha kazi. "Baba amekufa anaamini uongo," nikasema. "Na mimi nilimwacha."

Mama alikunja kona ya mkeka. Kisha akasema, "Baba yako alijua."

Nikageuka.

"Ulipomkatia simu, alirudi kwa watu akakaa, akanywa nao mpaka wakaondoka. Kesho yake akaenda misheni kwa miguu. Kulikuwa na sista mmoja mzungu pale. Akamwambia, nieleze mpira wa Marekani. Sista akampangia penseli mbili na rula mezani. Alirudi jioni hakula." Mama akavuta koti. "Akaniambia, Silvana, mtoto nimempa pole kwenye harusi na hongera kwenye msiba. Miaka mitano yote."

"Kwa nini hakuwaambia watu?"

"Nikamuuliza hivyo hivyo. Akasema, wakijua, mtoto akirudi atarudi kwa jina gani? Akasema, waache. Goli hilo nitalibeba mimi. Wewe unaitwa Goli miezi mitano tu na umeshakonda. Yeye walimwita Baba Goli miaka miwili, na alikuwa anaitika."

Niliona vidole vyangu vinabomoa donge la udongo. Vilikuwa vinafanya hivyo vyenyewe.

"Alinikasirikia?"

"Alikuwa anapanda pale." Akainua kidevu kuelekea kilima kilicho nyuma ya shamba letu, kile chenye jiwe bapa juu. "Siku zile mnara wa simu ulikuwa bado, mtandao unapatikana pale tu, hata siku ile ya mbuzi walipanda naye na ngoma zao. Kila Jumatatu. Alisema mechi zenu ni Jumapili, kwa hiyo Jumatatu ndiyo mtoto atakuwa na la kusema. Anachaji simu kwa Christopha, anavaa koti, anapanda, anakaa mpaka giza. Mvua, baridi, anapanda. Shamba lilikuwa linamngoja na matuta hayajainuliwa, yeye yuko juu ya jiwe. Watu walisema anaongea na mwanawe. Na yeye akishuka akiulizwa anasema, mzima, anawasalimu."

"Si angepiga!" Nilipaza sauti, na kwenye uwanda ule ilisikika mbali. "Namba alikuwa nayo! Si angenipigia tu?"

"Wewe ulimwambia asikupigie," mama akasema. "Hukumwambia kwamba na wewe hutapiga."

Nililia. Sijui nililia kwa muda gani. Jumanne zangu zote nilizokaa na simu mkononi kuwangoja wazungu, na siku moja tu kabla ya kila moja yeye alikuwa juu ya jiwe ananingoja mimi. Mama hakunibembeleza, aliniacha, na nilimshukuru kwa hilo. Akafungua fundo la kanga yake akatoa simu ndogo ya vitufe, imefungwa kwa mpira wa baiskeli isifunguke nyuma.

"Ndiyo hii. Laini ni ile ile. Naiwekea salio kidogo wasije wakaifunga. Kalista ameniwekea namba yako mpya humu, lakini nikupigie wapi, na kila siku unashinda hapa umenuna?"

Adriano alikuwa anarudi, anapangusa midomo. Alituona nyuso zetu, akajifanya hakuziona. Akapiga goti, akabonyeza saruji kwa kidole gumba.

"Inashika," akasema. "Goli, kaka, sasa hivi au basi."

Nilitazama lile bamba. Nafasi ilikuwa ya mistari miwili. Mama aligeuza uso kuelekea mashambani. Zamu ilikuwa yangu, na niliijua hali ile, ya kuachwa na watu wamekupa mgongo kwa heshima. Nikafikiria kuandika samahani. Lakini samahani ingemwambia kila mpita njia kwamba kulikuwa na kosa, na baba alitembea na kosa hilo miaka miwili lisionekane na mtu.

"Andika alivyosema mama," nikasema.

"Yote?"

"Yote. Na uandike herufi kubwa."

Adriano akaandika polepole, ulimi nje, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilisimama pale nikasoma kila herufi ikitokea, BABA WA EUSTAKI ALIYEFUNGA GOLI MAREKANI, na ilipokwisha nikamwambia ameandika vizuri. Akanipiga kofi la bega. Mkono wake ulikuwa na saruji.

Jioni, walipokwisha kwenda, nikapanda kilima. Ilikuwa Jumatatu. Sikuwa nimeipanga siku hiyo, Adriano ndiye aliyesema atakuwa na nafasi Jumatatu. Nyonga iliniuma njia nzima. Juu kule kulikuwa na jiwe bapa, na upande mmoja lilikuwa limelainika. Nikakaa. Kutoka pale unaona mabati ya kijiji, unaona matuta ya mviringo ambayo watu wameanza kuyainua kwa ajili ya maharage, unaona barabara mpaka inapopotea, na mbali zaidi mnara mpya wa simu na taa yake nyekundu. Huoni mtu. Nilifunga kola ya shati nikakaa kama nilivyozoea kukaa, na baridi ikaniingia mifupani, na sikuondoka.

Giza lilipoanza, simu yangu ikatetemeka mfukoni.

Nikaitoa. Ilikuwa imeandikwa BABA.

Sikuwahi kulifuta jina lile. Lilihama nami kutoka simu moja hadi nyingine, miaka tisa, bila kulia. Nilijua ni mama. Nilijua yuko jikoni, amekaa kwenye kigoda, ameishika ile simu mbali na sikio kama anavyozishika simu zote, na kwamba ananiitia chakula. Nilijua yote hayo. Hata hivyo sikuweza kupokea nikiwa nimekaa. Nikasimama kwanza, nikaweka mguu mbaya sawa, ndipo nikabonyeza.

"Shikamoo," nikasema.

Nilisikia moto unavyolia chini ya sufuria.

"Marahaba," mama akasema. "Shuka sasa. Nimepika dagaa wa Kirando, na ugali unapoa."